Kata ya Baba na Maji ya Misri

Tangu nirudi, kila nikikaa kwenye gogo la mbele ya duka mnaniuliza Uganda kulikuwaje, na kila nikifika Kisumu anapita mtu na ng'ombe wake, tunaanza kusifia fahali, habari inakatika. Nimeamua kuiandika. Shule niliacha darasa la tano, kwa hiyo msitafute maneno makubwa humu. Nitaandika kama nilivyoyaona.

Kabla ya kuondoka

Mnajua jinsi ilivyoanza, maana mlikuwepo, lakini nataka kuikumbuka kwa mpangilio. Mvua za vuli zilikuwa zimekatika mapema. Mto Simiyu bado ulikuwa na maji, ila yalikuwa yanapungua kila siku, na miche yetu ya mpunga ilikuwa kitaluni, kijani kama nyasi za kaburini. Tulichohitaji ni mfereji tu. Afisa wa umwagiliaji akaja na pikipiki, akasimama mbele ya mkutano bila kuvua kofia yake ya chuma, akasema mfereji ufungwe.

"Saruji ya banio la kuinulia maji mtoni ipo," alisema. "Lakini wafadhili wanataka barua ya kutokuwa na pingamizi. Maji ya Simiyu yanaingia ziwani, ya ziwa yanaingia Mto Nili, na Mto Nili una wenyewe huko chini. Kuna mkataba wa tangu wakoloni. Serikali yetu haiutambui, lakini wenye saruji wanauogopa. Mpaka barua itoke Misri, msichote kwa mfereji."

Mdogo wangu Doto akanyoosha mkono. "Misri ya Farao?"

"Hiyo hiyo."

"Si walikwisha kuzama wote baharini?"

Watu walicheka mpaka afisa naye akavua kofia. Lakini mfereji tuliuziba siku ile ile. Mimi mwenyewe ndiye niliyetia koleo la mwisho, kwenye mdomo ule ule ambao baba aliuchimba kabla hajafa. Kulwa na Doto, mapacha wetu, walikuwa na miaka tisa wakati ule tulipobaki wenyewe, na Shija aliyewafuata alikuwa anabebwa mgongoni. Niliwalea kwa jaruba la mpunga lililonyweshwa na mfereji ule. Ndiyo maana barua ya Misri ilinihusu kuliko mtu mwingine.

Padri wetu ndiye aliyeleta habari kwamba makanisa ya nchi za Mto Nili yanakusanya wakulima na wavuvi kule Jinja, na kwamba Wamisri watakuwepo. Kijiji kikanichagua. Walisema sababu tatu: sinywi, sisahau, na nina watu wa kunirudisha nyumbani.

Asubuhi ya kuondoka miche ilikuwa na siku kumi na mbili. Mche wa mpunga ukipita mwezi kitaluni unazeeka, unaupandikiza na hauzai kitu. Kwa hiyo nilikuwa na siku kumi na nane. Kulwa, Doto na Shija waliahidi kukimwagilia kitalu kwa ndoo.

Nilipofunga mkoba, Kulwa aliniletea kata ya baba, ile ya kibuyu, nyeusi kwa moshi, mpini umezungushiwa ukanda wa ngozi.

"Unakwenda kuomba maji mikono mitupu?" aliniuliza.

Alikuwa na haki. Sisi wa huku, kiangazi mto ukigeuka mchanga, kila ukoo unachimba kisima chake ndani ya mto. Ukitaka kunywesha kwenye kisima cha mwenzio, hutumi mtu na husimami juu ukipiga kelele. Unakwenda na kata yako mkononi, unamwonyesha mwenye kisima. Akiiona anajua hukuja kutaka watu wakuchotee. Anakwambia, "Shuka," unaingia shimoni, unachota zamu yako pamoja na watu wake. Sijawahi kusikia mtu mwenye kata mkononi akinyimwa. Nikaitia kata mkobani.

Bariadi hadi Lamadi

Bariadi nilipata lori la mbegu za pamba. Zamani pamba ilikuwa na mnunuzi mmoja na mbegu zilijua njia moja. Siku hizi za ruksa ya biashara kila mwenye turubai na mizani ni mnunuzi, na malori yanapita usiyoyajua. Dereva aliitwa Sitta, mtu mwenye tumbo na nyimbo. Nililala juu ya magunia, nikaona ng'ombe wa watu wakiwa wadogo kama kunguru huko chini mbugani.

Lamadi tulikwama siku mbili. Mvua iliyotunyima sisi ilikuwa imenyesha upande wa mbele, ikavunja daraja. Magari yalipangana barabarani, watu wakawasha moto, wanawake wakaleta sufuria. Ndipo nilipokula mapanki kwa mara ya kwanza: mgongo wa sangara na kichwa chake, vilivyokaangwa mpaka mifupa inatafunika.

"Nyama iko wapi?" nilimwuliza mama aliyekuwa anauza.

"Nyama imepanda ndege, baba. Inakwenda Ulaya. Sisi tumeachiwa mgongo."

Sitta akadakia, "Enzi za ruksa hizi! Sangara ana pasipoti, mimi dereva sina."

Nilicheka nao, kisha nikaenda kusimama ufukweni. Ziwa nilikuwa nimeliona mara moja tu, nikiwa mdogo, na wakati ule niliona maji, basi. Safari hii nilijua ninachotazama. Mto wetu umo humu. Mara, Grumeti, Mbalageti, na mito ya nchi nyingine ambayo sina majina yake, yote imo humu, na hakuna hata mmoja unayeweza kuutoa ukasema huu ni wangu. Nilisimama mpaka miguu ikalowa. Nilihisi kama mtu aliyeingia nyumba ya mkwe bila kubisha.

Miche ilikuwa na siku kumi na tano nilipovuka lile daraja.

Sirari

Mpakani askari alitia mkono mkobani, akatoa kata.

"Hii ya uganga?"

"Ya kuchotea maji, afande."

"Unavuka nchi na kata? Kwani Kenya hawana vikombe?"

Foleni nzima ilicheka. Akaigeuza, akainusa, akairudisha akiishika kwa vidole viwili. Nikadhani yamekwisha. Kumbe nyuma yangu kulikuwa na mama mmoja mnene wa Tarime, aliyesikia neno uganga na hakusikia lililofuata. Tulipovuka tu akanishika mkono.

"Babu, mgongo wangu."

"Mama, mimi ni mkulima."

"Wale wenye nguvu ndivyo mnavyosema."

"Kweli kabisa. Nalima mpunga."

"Na Msukuma mwenye kata ya moshi anakwenda wapi, kama si kutibu?" Akaketi juu ya mzigo wake, akafunga macho, akanigeuzia mgongo mbele za watu.

Nilifanyaje? Nilimwambia asibebe mzigo mzito siku saba, anywe maji ya moto asubuhi na jioni, na mume wake ndiye achote maji kisimani. Akafumbua macho. "Hilo la mume," alisema, "hakuna mganga aliyewahi kuniambia." Akanipa maandazi manne, akaondoka amenyooka.

Kisumu

Kisumu tulifika jua likiwaka. Niliona ziwa limegeuka shamba. Magugumaji yalikuwa yametanda kijani mpaka mbali, na mitumbwi imekaa juu yake kama imeegeshwa kwenye malisho. Mzee mmoja aliniambia gugu lile halikujulikana kwao zamani, limeshuka na mito kutoka nchi nyingine. "Nani aliruhusu?" aliuliza, akiwa hanitazami. 

Niliingia hotelini. "Samahani dada, naomba unisaidie chai."

Yule dada akasimama akanitazama kuanzia viatu. "Nikusaidie? Ama uko na pesa?"

"Ninazo."

"Basi sema *leta chai*. Wewe unaomba kama mtu wa kanisa." Akawageukia wenzake. "Huyu ni Mtanzania. Hawa hata chao wanakiomba!"

Chai ilikuwa nzuri, yenye maziwa mengi. Lakini maneno yake yalinikaa kichwani zaidi ya chai, na baadaye mtaona kwa nini.

Jinja, kwa Nakato

Jinja nilifika miche ikiwa na siku kumi na tisa. Walituweka kwa familia za waumini, na mimi nilielekezwa kwa mama mmoja mjane. Nilibisha, nikasema, "Hodi, mama, habari za hapa?"

Akanyanyuka na mwiko mkononi. Sikujua kwamba kwao Kiswahili kilikuja na bunduki, na wezi nacho walikisema. Alirudi nyuma mpaka ukutani.

"Wewe askari?"

"Hapana mama. Mkulima. Tanzania."

"Tanzania." Alilifikiria neno hilo. "Wanajeshi wa Tanzania walipita hapa. Wale walikula ndizi zetu, lakini waliomba kwanza." Mwiko ukashuka kidogo. "Mimi nasikia Kiswahili kidogo tu. Jina langu Nakato."

Kijana mmoja wa kanisa aliyenisindikiza akanieleza kwamba Nakato ni jina la pacha wa pili. Nikaruka kama mtoto. "Doto! Wewe ni Doto! Kwetu pacha wa pili ni Doto. Nimewalea wawili, Kulwa na Doto, tangu wakiwa hivi." Nikaonyesha kimo kwa mkono.

Yule mama aliweka mwiko chini. Alitaka kujua kila kitu: nani alitangulia kuota meno, kama wanagombana, kama mmoja akiugua mwenzake naye anaugua. Alinipikia matoke, ndizi za kupondwa, na mchuzi wa karanga. Nilikula kwa heshima, nikisubiri chakula kije, mpaka nikaelewa kwamba chakula chenyewe ndicho kile. Siku ya pili nilikizoea. Siku ya tatu niliongeza.

Mkutanoni

Mkutano ulikuwa katika ukumbi wa parokia. Nilitegemea kuwakuta wakulima, na walikuwepo, wamekaa nyuma. Mbele walikaa mabwana wenye mikoba. Mhandisi wa Misri alisema nchi yake haina mvua, ina mto tu, na mkataba ni mkataba. Bwana mmoja wa kwetu, aliyetoka Dar es Salaam, alisema mkataba uliotiwa saini na Mwingereza kwa niaba ya watu aliowatawala ni karatasi ya kufungia karanga. Mkenya akapiga meza. Mganda akasema wao wana bwawa mlangoni na bado wanahitaji ruhusa ya mtu wa mbali kulifungua. Kila mmoja alikuwa na haki yake. Nilishangaa watu wenye haki nyingi namna ile wanavyoweza kukosa hata ndoo moja ya kukubaliana.

Aliyekuwa ananitafsiria ni Mwalimu Lado, Msudani wa kusini aliyeishi ukimbizini Uganda. Alijua Kiarabu, Kiingereza na Kiswahili, na alikuwa na subira kwa vyote vitatu.

Mchana wakulima tukapewa dakika tatu tatu. Nilikuwa nimemwona Mmisri mmoja mzee, mkulima, mwenye kanzu ya buluu na mikono kama yetu. Jina lake Jirjis. Zamu yangu ilipofika sikwenda kwenye kipaza sauti. Nilikwenda mpaka mbele yake, nikainama, nikaweka kata ya baba mezani.

"Baba," nilisema, "mimi ni Masunga, natoka Simiyu, Bariadi. Nimekuja na kata yangu. Naomba kuchota."

Mwalimu Lado akatafsiri.  Kisha nikaona mhandisi anatabasamu, anamwinamia mwandishi wa mkutano. "Andika hilo," alisema. "Mtanzania ameomba ruhusa ya Misri. Nashukuru ndugu yetu ameelewa."

Bwana wa Dar es Salaam aliinuka kiti kikaanguka. "Kaa chini! Umetuuza! Huombi kilicho chako! Miaka yote tunakataa kuomba, wewe unakuja na kibuyu!"

"Mheshimiwa, kwetu ukitaka—"

"Kaa chini!"

Nilichukua kata, nikakaa. Nilichokifanya ni kile ambacho mtu yeyote mwenye adabu angekifanya kisimani, na hapa kilikuwa kimegeuka kitu cha kuandikwa dhidi ya nchi yangu. Nilimkumbuka yule dada wa Kisumu. Sikula mchana ule. Miche ilikuwa na siku ishirini, na mimi badala ya barua nilikuwa nimepata aibu.

Mahali maji yanapoanza kutembea

Siku iliyofuata walitupeleka kuona mto unapotoka ziwani. Nilikaa kiti cha nyuma kabisa cha basi.

Sijui nitawaelezaje hapa. Nilidhani kutakuwa na pango, au mlima, au kitu kinachomwagika. Hakuna. Ziwa limekaa kama lilivyokaa Lamadi, na mahali fulani, kati ya kilima na kilima, maji yanaanza kutembea. Hakuna anayeyasukuma. Upande huu wa mkono wako jani limetulia, upande ule jani jingine linaondoka, linakwenda, na halirudi tena. Tukapanda mtumbwi mpaka katikati, nikatia mkono ndani nikahisi yanavuta vidole kwa upole, kama mtoto anayekuvuta mkamwone ndama.

Nilifikiria umande wa kwetu. Nilifikiria vijito vya Meatu na Itilima vyenye maji ya wiki mbili kwa mwaka, na ng'ombe wanaovivuka. Yote yale yanakuja kupita hapa, katika upana ambao ningeweza kuita mtu wa ng'ambo akaniitikia. Kisha yanakwenda kupita jangwa lote lile, yalishe watu ambao sitawaona. Nikavua kofia. Niliona mabwana wenye mikoba nao wameweka mikoba chini. Bwana wa Dar es Salaam alikuwa ameshika viatu mkononi. Mhandisi alikuwa ametazama upande mwingine anafuta miwani, akaifuta muda mrefu.

Mzee Jirjis alikuwa amekaa ukingoni, maji yamefika kwenye pindo la kanzu. Alikuwa analia waziwazi. Akamwita Mwalimu Lado, na Mwalimu akaniita mimi.

"Anasema ana miaka sitini na kitu akinywa maji haya," Mwalimu alisema, "na alidhani yanatoka kwa Mungu moja kwa moja. Hakujua yanapita kwa watu kwanza."

"Mwambie hata sisi hatukujua yanakwenda kwa watu."

Mzee akasikia, akacheka na machozi yake. Kisha akauliza kile kibuyu nilichomwekea kilikuwa cha nini.

Nikakaa mchangani nikamweleza yote: mto wa mchanga, visima, watu kwanza kisha ndama kisha ng'ombe, na jinsi kata inavyosema kabla ya mwenye kata. "Haikuwa kusema kisima ni chako," nilimwambia. "Ilikuwa kusema mimi ni mtu wa kushuka shimoni."

Akasema maneno marefu, na Mwalimu Lado akayatoa polepole. "Anasema yeye yuko mkiani mwa mfereji. Walio juu yake, Wamisri wenzake wenye pampu kubwa, huchukua kwanza. Kuna majira maji hayamfikii, mahindi yake hukauka na mto uko karibu. Anasema katika maisha yake yote hakuna mtu wa juu aliyewahi kumwuliza kitu. Wewe ni wa kwanza, na umetoka mbali kuliko wote."

Mzee akanyoosha mkono. Nikampa kata. Alishuka mpaka maji yakamfika kiunoni, mtu wa umri ule, tukamshika huku na huku asiteleze. Akachota, akanywa, akanawa uso. Halafu akanijazia mimi, na kata ikabaki kwake.

Barua

Siku ya mwisho Mzee Jirjis aliomba dakika zake tatu. Alikuja na kata mkononi mpaka nilipokaa, akainama kama nilivyoinama mimi.

"Juzi mtu huyu aliniomba," alisema. "Mmeandika kwamba ameomba ruhusa. Andikeni na hili. Yeye yuko juu, mimi niko mkiani. Mimi ndiye ninayemwomba. Masunga, mimi ni Jirjis, nina kata mkononi. Naomba unibakizie."

Mhandisi alisema jambo kwa Kiarabu, haraka. Mzee akamjibu bila kugeuka, na Wamisri wa nyuma wakacheka. Nikamwuliza Mwalimu Lado amesema nini.

"Amemwambia, *mwanangu, wewe hujawahi kumwagilia hata kitunguu.*"

Mwandishi alisimamisha kalamu, hajui aandike nini. Nami nikasimama, nikasema neno pekee ambalo kwetu hujibiwa mwenye kata. "Shuka."

Jioni ya siku hiyo nilimweleza mzee habari ya afisa wetu na barua inayotakiwa. Alitaka karatasi. Aliandika kwa Kiarabu, na Mwalimu Lado akaandika Kiswahili chini yake: *Mimi Jirjis, mkulima, nimeona maji yanapoanzia. Masunga wa Simiyu ameniuliza. Sina pingamizi achote, ila asiyamalize.* Akatia sahihi na dole gumba, vyote viwili, kwa usalama.

Nilipotaka kuondoka aliishika kata, hakutaka kuiachia. Haikuwa ukorofi. Alikuwa ameizoea. Nilifikiria Kulwa atasemaje. Nilifikiria baba. Kisha nikamfunga vidole juu ya mpini.

Nakato alinifungia karanga katika majani, fungu la Kulwa na fungu la Doto, sawasawa kabisa. Akakumbuka Shija, akafunga la tatu.

Kurudi

Kurudi sikuangalia sana nje. Nilihesabu. Busia, miche ina siku ishirini na tatu. Kisumu tulilala garini kwa pancha, ishirini na nne. Pale hotelini nilisema tena "naomba chai", yule dada akanitambua, akaguna, lakini kikombe alikijaza mpaka juu. Sirari, ishirini na sita. Lamadi daraja lilikuwa limevunjika tena, nikavuka kwa miguu nguo kichwani, nikatembea mpaka nikapata baiskeli ya kukodi. Nilifika Bariadi mjini siku ya ishirini na tisa, mwenye vumbi kama gunia, nikaenda kwa afisa kabla ya kwenda nyumbani.

Akaisoma. Akaigeuza. Akaisoma tena.

"Huyu Jirjis ana cheo gani?"

"Mkulima. Yuko mkiani mwa mfereji."

"Barua inayotakiwa ni ya serikali."

"Najua. Nakueleza mapema ili kesho usiseme Masunga alinidanganya."

Afisa akatazama dirishani. Nje mtu alikuwa anapiga pampu ya baiskeli. "Unajua nikiwapelekea hii wenye saruji watanicheka?"

"Kule Jinja nilichekwa mimi. Hakuna aliyekufa."

Hapo akacheka mwenyewe, sana, mpaka akafuta macho kwa kiganja. Halafu akatoboa ile karatasi matundu mawili, akaitia katika faili la mto wetu, juu ya karatasi nyingine zote.

"Saruji haitatoka kwa barua hii," alisema. "Hilo ulijue. Lakini niliwafungia mfereji kwa sababu wa chini hawajaulizwa. Sasa mmoja ameulizwa. Kafungueni. Na hayo maneno ya mwisho, *asiyamalize*, nitakuja kuyakagua kwa pikipiki."

Nyumbani niliwakuta Kulwa na Doto wamekonda, vichwani wana alama za ndoo. Kitalu kilikuwa kijani. Shija alikuwa amelala pembeni yake mchana kweupe, mdomo wazi, kwa kuchoka. Nikachukua ndoo.

"Umepata?" Kulwa aliuliza.

"Tumepata maji. Saruji hatukupata."

Akapekua mkoba. "Kata ya baba iko wapi?"

"Misri."

Akaufunga mkoba. Doto ndiye aliyesema, "Kwa Farao?"

"Kwa mtu anayekaa mkiani."

Siku ya thelathini tulifungua mfereji, ninyi nyote mkiwa na majembe, na banio tukalijenga kwa miti, mawe na magunia ya mchanga. Tulipandikiza siku tatu mfululizo. Baadhi ya miche ilikuwa imeanza kuzeeka na haikuzaa vizuri, hilo mlisema na ni kweli. Mingine mmeila.

Mwalimu Lado aliniambia maji yanayotoka Jinja yanachukua kama miezi mitatu kufika kwa Mzee Jirjis. Kwa hiyo mpunga ulipokuwa unageuka njano na sisi tunafukuza ndege, maji ya ile wiki ya Jinja ndiyo yalikuwa yanakaribia kwake, kama walio juu yake walimpitishia. Sijui kama yalifika. Ninachojua ni kwamba alama ya kijiti tuliyoichomeka mtoni, ile ya maji ya kubakiza, bado ipo. Kila saa kumi na mbili jioni Shija anachukua jembe, anatazama kijiti, anaziba mdomo wa mfereji, na mto unaendelea na safari yake. Sijawahi kumtuma.